Feni Isiyomeza Pumzi

Siku mliyoniaga nilisimama, nikasema "ahsanteni," nikakaa. Keki ikakatwa. Baadaye mkaniambia kwamba mtu aliyekaa kazini miaka yote ile hawezi kuwa na neno moja tu, na kama mdomo wangu ni mzito basi niandike. Haya, naandika. Sina haraka. Tangu nistaafu nimegundua kwamba asubuhi ni ndefu mno kwa mtu asiye na kompyuta ya kufungua.

Nilianza kwenye duka la kutengeneza mashine za kupiga chapa, upande wa Makupa, kabla kompyuta hazijaenea mjini. Aliyenipokea ni Mzee Athumani, fundi mwembamba ambaye miwani yake ilishikizwa kwa uzi. Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Aliniweka karibu na karani aliyekuwa akipiga chapa barua za watu, kwenye mashine nzima isiyo na kasoro, akaniambia nisikilize. Nikasikiliza mpaka adhuhuri. Kisha akaleta mashine mbovu, akaipiga herufi chache, akaniuliza, "Kadzo, huyu aumwa wapi?"

Nikasema sijui.

"Basi kesho utasikiliza tena," akasema, akaenda zake kula.

Chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa bisibisi ndefu yenye mkono wa mbao. Ncha aliiweka kwenye mwili wa mashine, na mkono akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Kwa njia hiyo alisikia kilichokuwa kikisagika ndani kabla hajafungua hata skrubu moja. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaifanya kazi hiyo hiyo maisha yangu yote, na nyinyi mmeniona. Msione haya kuifanya mbele ya mteja. Atadhani mashine inakupigia simu, lakini hilo litampita.

Mashine za chapa zilipokwisha soko, Mzee Athumani alirudi kwao Kwale, nami nikaja kwenye kampuni yetu hii. Kazi yangu kubwa ikawa Shimanzi, kwenye maghala na ofisi za malori. Huko ndiko nilikojifunza feni. Kompyuta ya Shimanzi haifi kwa uzee, inakufa kwa kuvuta vumbi, na kila ghala lina vumbi lake: la chai ni laini na linanuka vizuri, la saruji linaganda, la mbolea linakula chuma. Ilifika mahali nikawa nafungua boksi na kujua kwa pua limetoka kwa nani. Halafu kuna chumvi ya hewa yetu, ambayo haimsamehe mtu. Mkaniita Mama Feni. Nilijifanya sipendi kuitwa hivyo.

Kwa kuwa mliomba mambo ya kazi, nawapa moja hapa: mnapopuliza vumbi kwa blowa, shikeni bawa la feni kwa kidole lisizunguke. Naona bado mnaliacha lizunguke kwa sababu linapendeza kulitazama. Mnaliua.

Niliwahi kuitwa kwa keshia ambaye kompyuta yake ilizimika kila alasiri. Ofisi nzima ilimwambia ni umeme. Nilipofika nikakuta ameivisha kitambaa cha kufuma, kizuri, chenye maua pembeni, kimefunika matundu yote ya hewa. Nikakitoa, kompyuta ikapona. Keshia akahuzunika kuliko alivyohuzunika kompyuta ilipokuwa ikizima. Kitambaa kilikuwa cha mama yake. Tukakubaliana kivishwe kioo cha kompyuta.

Jambo moja la kazi hii hakuna aliyeniambia mapema. Fundi wa kompyuta anapokuja, mwenye meza huinuka. Anasema, "Karibu, mimi naenda kunywa chai." Wewe unakaa kwenye kiti chake, ambacho bado kina joto lake, unatazamana na picha za watoto wake alizobandika ukutani, na unapomaliza anarudi, unainuka. Nimekaa kwenye viti vya watu wengi sana mjini hapa. Najua watoto wao walivyokua, kwa picha. Mimi sikujaaliwa mume wala mtoto, na jioni nilirudi kwenye vyumba vyangu viwili nikapika chakula cha mtu mmoja. Silalamiki. Nasema tu kwamba kazi yenyewe ilinizoeza.

Sasa nije kwa Mwalimu Rukiya, ambaye ndiye hasa ninayetaka kumwandika.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho. Kijana mmoja aitwaye Munir alipiga simu ofisini kutoka Kanada. Alisema ana mamake mdogo anayeishi peke yake Mji wa Kale, ana kompyuta inayopiga kelele, na kelele hizo zinaharibu sauti anazorikodi. Nyinyi mkasikia neno "ghorofa ya tatu," kila mtu akawa na shughuli. Nikaenda mimi.

"Hodi."

"Karibu! Ndoo juu. Ngazi zina giza, shika kamba."

Watu wa Mji wa Kale wakisema ndoo, ni njoo. Nilipanda nikiishika ile kamba iliyoning'inia ukutani. Juu nilimkuta mwanamke mzee, mfupi, amejifunga leso, amesimama mlangoni kama mwalimu anayengoja wanafunzi waliochelewa.

"Sabalkheri, Mwalimu."

"Sabalkheri, mwanangu. Wewe ndiwe fundi? Nalitaraji mwanamume."

"Wengi hutaraji."

"Starehe, kaa. Wajua kusikia?"

Nilidhani sikuelewa swali. "Kusikia nini, Mwalimu?"

"Kusikia tu. Wengi wana masikio na hawajui kuyatumia. Sikia."

Akabonyeza kompyuta. Sauti yake mwenyewe, aliyokuwa ameirikodi, ikatoka: *paa*. Kisha tena: *paa*.

"Lipi la nyumba, na yupi wa mwituni?" akaniuliza.

Sisi Wagiriama maneno hayo hatuyachanganyi, na watu wa Mvita hawayachanganyi pia. Paa la nyumba hutamkwa kavu. Paa yule mnyama hutoka na pumzi, kama unapuliza unyoya mdomoni. Lakini kwenye kompyuta yote mawili yalikuwa makavu.

"Yote ni ya nyumba," nikasema.

"Ehee!" Akapiga paja. "Mnyama wangu ameliwa. Na kaa wa pwani ameliwa, amebaki kaa la moto. Pumzi zangu zote zaliwa, na mlaji ni huyu." Akaonyesha kidole chini ya meza.

Mambo yalikuwa hivi. Mwalimu Rukiya alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, akaishi nyumba ile na dada yake mkubwa, Bi Zena. Bi Zena ndiye mamake Munir. Dada wawili hao walizungumza Kimvita cha mama yao kutwa kucha, na majirani wenye umri wao walipohama au kufariki, wakabaki wao wawili. Kisha Bi Zena akafa. Mwalimu aliniambia kwamba siku moja, miezi mingi baada ya maziko, alitaka kusema neno fulani la jikoni, akakumbuka kwamba hapana mtu wa kumwambia. Akalisema peke yake. Lilimtisha. Munir alipompigia simu akamweleza, na Munir akamwambia, "Basi mama, yaseme kwenye kompyuta yangu. Mimi huku nitayahifadhi."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Munir. Aliiacha alipohama, na akiwa Kanada aliweza kuiingia kwa mtandao. Alikuwa mchoraji wa katuni zinazotembea, na kazi hiyo inaichosha mashine, kwa hiyo alijenga mashine kubwa inayopozwa kwa maji. Ndani kuna pampu ndogo iliyokaa juu ya chipu inayopata moto, mipira miwili, na rejeta kama ya gari, nyembamba, yenye feni tatu. Feni hizo zilikuwa zimekaa miaka katika hewa ya Mji wa Kale. Rejeta ilijaa vumbi lililogandishwa na chumvi, kwa hiyo maji hayakupoa, kwa hiyo feni zilikimbia kwa nguvu zote muda wote. Nilitia bisibisi nyuma ya sikio. Mbili zilikuwa zikisagika, na ya tatu ilikuwa ikigonga.

Munir alikuwa na programu ya kuondoa kelele kwenye sauti. Iliondoa kelele ya feni, kweli. Lakini feni ni upepo, na pumzi ya mtu ni upepo, na programu haikuona tofauti. Ilifuta vyote.

Nilimwambia Mwalimu kuna njia rahisi. Simu. Tukajaribu simu yangu. Simu nazo zina tabia ya kusafisha sauti bila kukuuliza, na ikala pumzi vile vile. Nikamwambia naweza kumletea kompyuta ndogo ya mkononi isiyo na feni kabisa. Akaitazama ile kubwa chini ya meza.

"Hii Munir akiwasha kwake, mimi huku naona taa yawaka," akasema. "Jioni yuaja kuchukua alichokitaka, na taa yawaka. Hiyo ndogo yako itakuwa na taa ya nani?"

Sikuitaja tena kompyuta ndogo.

Na kulikuwa na haraka. Daktari wa meno alikuwa amemwambia meno yake ya mbele hayana uhai tena, yang'olewe. Alikuwa ameahirisha, na maumivu yalikuwa yakimrudia. "Nikishang'olewa," akaniambia huku ameshika shavu, "thamani na dhahabu zangu zote zitakuwa samani na zahabu. Hapo nitarikodi nini? Mluzi?"

Nikaanza kazi. Nilifungua rejeta nikaisafisha kwa brashi laini na blowa, uwanjani, vumbi likatoka kama unga. Maji yakaanza kupoa, feni zikapungua kasi, lakini kusagika kulibaki. Feni iliyoliwa mhimili haiponi. Nilinunua tatu mpya dukani hapa mjini, zile zinazowaka rangi kama nyumba ya harusi, kwa sababu boksi lilisema ni za kimya. Nilipoiwasha moja mkononi, ilikuwa kimya kweli. Nilipozifunga kwenye rejeta zikaanza kufoka.

Hili mlishike. Kuna feni iliyotengenezwa kusukuma hewa mahali pa wazi, na kuna feni iliyotengenezwa kusukuma hewa mahali penye kizuizi. Rejeta ni kizuizi, ni mapezi membamba yaliyobanana. Ile ya kwanza ukiifunga hapo inahangaika, hewa inarudi nyuma, na kuhangaika huko ndiko kelele. Ya pili ina mabawa mapana yanayokaribiana. Usiijaribu feni ya rejeta mkononi. Ijaribu juu ya rejeta.

Nikaagiza Nairobi feni za aina tatu, moja moja, zikaja kwa basi. Zote zilikuwa za mabawa mapana, na zote mihimili yake inaelea kwenye mafuta, ambayo haitoi ule mlio wa gololi. Nilipanda ngazi nazo kwenye mfuko wa sokoni. Nikaweka rejeta juu ya meza, nikafunga feni moja, nikaiendesha kwa kasi inayotosha kupoza maji katika joto letu, kwa maana chumba kile mchana kilikuwa na joto la jikoni na kasi ya chini kabisa haikutosha.

Mwalimu akakaa kitini, kanipa mgongo. "Usiniambie jina," akasema. "Washa."

Nikawasha ya kwanza.

"Huyu asema *sh*," akasema papo hapo. "Kama mtu anyamazishaye darasa. Mtoe."

Nikafunga ya pili. Hiyo ilikuwa ya bei ya juu, na kwenye boksi ndiyo iliyoandikwa kuwa na kelele ndogo kuliko zote. Na kwa sikio langu ilikuwa hivyo. Ilibidi nisogeze uso kuisikia. Nikaanza kufurahi.

Mwalimu aliinamisha sikio. Kisha akasema polepole, "Huyu asema *h*."

"Lakini haisikiki, Mwalimu."

"Yasikika. Asema *h*, taratibu, kama mtu aliyelala. Weka mwengine."

Ya tatu ilikuwa na sauti kubwa kidogo kuliko ya pili, ila sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu anayevuma kwa pua.

"Huyu asema *mm*," akasema Mwalimu, akageuka. "Ndiye huyu."

Nikamwambia kwamba hiyo ina kelele zaidi. Nikamwonyesha boksi. Hakulitazama.

"Kadzo, pumzi ya yule paa ni nini? Ni *h*. Yule feni wako wa kimya asema *h* kutwa nzima. Munir akimfuta yeye, na mimi nafutika. Kelele yake ndogo, lakini imekaa pale pale ninapokaa mimi. Huyu wa *mm* amefunga mdomo. Ni kama mtu aliyeketi pembeni aitikia. Hanidhuru."

Nilisimama na bisibisi mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta feni yenye kelele ndogo, na sikuwahi kujiuliza kelele hiyo imekaa wapi. Niliagiza nyingine mbili kama ile. Zilipofika nikazifunga na vipande vya mpira kwenye pembe ili mtetemo usiingie kwenye boksi. Nikazigeuza zisukume hewa kwenye rejeta badala ya kuivuta, kwa sababu zilipokuwa zikivuta zilikaribiana na wavu wa mashine na wavu ulipiga mluzi. Nikaziambia zifuate joto la maji, si joto la chipu. Chipu hupanda na kushuka kila unapobonyeza kitu, na feni inayoifuata hupiga kelele za ghafla kama mtu aliyeshtuliwa. Maji hayana papara. Munir naye huko kwake akaiacha ile programu, akakata tu sauti nzito iliyo chini ya sauti ya mtu.

Tukarikodi. *Paa. Paa.* Tukasikiliza. La kwanza lilikuwa la nyumba. La pili lilikuwa na miguu minne.

Mwalimu akaweka mikono mapajani. Nikadhani amefurahi. Nikakusanya vyombo vyangu, nikamuaga.

Baada ya siku chache Munir akapiga simu tena. Mamake mdogo hajarikodi kitu. Je, feni zimeharibika?

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Feni zilikuwa zikivuma vizuri. Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya kipaza sauti, mikono mapajani.

"Kuna tatizo, Mwalimu?"

"Hapana tatizo. Umefanya kazi nzuri." Akanitazama. "Ila zamani nikikaa hapa na zile kelele, nalikuwa nasema kwa nguvu, kama Zena yuko jikoni na maji yamwagika, nami nampigia kelele anisikie. Sasa kumenyamaza. Nikifungua mdomo nasikia kwamba jikoni hapana mtu."

 Mzee Athumani hakunifundisha hilo, wala vitabu vya mashine havina. Nilitazama huku na huku, nikavuta kiti, nikakiweka mbele yake, upande wa pili wa meza, nikakaa.

"Niambie mimi," nikasema.

"Wewe Mgiriama, wajua nini cha jikoni kwetu?"

"Sijui. Ndiyo uniambie."

Akacheka, akajishika shavu kwa maumivu, kisha akaanza. Aliniambia namna mama yao alivyokuwa akiwatuma mafuta, na maneno aliyowatukana wakichelewa, matusi mazuri yasiyotajika hapa. Aliniambia majina ya sehemu za mlango, ya nguo za bibi harusi, ya vyungu kwa ukubwa wake. Kwa kuwa tulikuwa tukirikodi sikuruhusiwa kujibu. Nilitikisa kichwa, nikafungua macho, nikaziba mdomo nikitaka kucheka. Mara nyingine alijisahau, akanitazama usoni na kusema, "Zena, wakumbuka?" Nami nikatikisa kichwa kwamba nakumbuka. Kuna kitu kiliniuma hapo, kwa sababu hakuwa akizungumza nami. Lakini nitawaambia ukweli. Hakuna aliyekuwa amenitazama usoni kwa muda mrefu namna ile kwa miaka mingi, na nikaupokea mtazamo ule.

Nilikuwa na siku za likizo ambazo sikuwahi kuzitumia kwa kukosa pa kwenda. Nikazitumia pale. Nilikuja baada ya adhuhuri tukafanya kazi mpaka alasiri, tukisimama pikipiki ilipopita chini au kunguru walipogombana juu ya paa. Alikuwa akinipikia kahawa ya tangawizi, na tulipozima kipaza sauti aliniuliza habari zangu. Mwanzoni nilijibu "nzuri" tu. Aliniambia, "Hilo si jibu, hilo ni salamu. Jibu." Basi nikajifunza kujibu. Nilimweleza habari za Shimanzi, za keshia na kitambaa chake, na za mama yangu ambaye nilikuwa sijamtaja mbele ya mtu tangu nimzike.

Siku ya mwisho alikuwa amevimba shavu. Tulirikodi maneno ya *th* na *dh* mpaka yakaisha, akafunga mdomo, akasema, "Sasa nipeleke." Nikampeleka kwa daktari kwa tuktuk. Alitoka ameshika kitambaa mdomoni. Aliponiona akasema kitu, nami sikukielewa, naye akajua kwamba sikukielewa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tulicheka wote wawili pale kwenye ngazi za hospitali, watu wakatupita wakitutazama.

Munir alikuja miezi michache baadaye. Aliona ngazi, akaona mamake mdogo anavyozipanda, akaamua aende naye. Mwalimu hakutaka. Kisha akataka, kisha hakutaka, mwisho akafunga masanduku. Nilikwenda kuifungua ile kompyuta, Munir akachukua kifaa kilichohifadhi sauti, mwili wenyewe akaugawa. Mwalimu alinishika mkono mlangoni.

"Umenisikia, Kadzo," akasema kwa meno mapya ya bandia yaliyokuwa bado yakimgonga.

"Nimekusikia, Mwalimu."

"Basi."

Alinipigia simu kutoka huko. Simu ilikuwa imemla pumzi, sauti yake ilifika kavu, ya mtu mwengine. Aliniuliza habari zangu nikajibu kwa kirefu, kama alivyonifunza, na mara nyingi katikati ya jibu simu ilikatika. Nikastaafu. Mkanikatia keki. Simu zikawa za nadra, kisha zikakoma, nami nikajiambia kwamba ni baridi, ni mambo ya saa zetu kutolingana.

Majuzi nilipata ujumbe wa Munir. Mwalimu Rukiya alikuwa amefariki, na walikuwa wamemzika huko huko. Aliomba radhi kwa kuchelewa kunijulisha, hakuwa na namba yangu karibu.

Nilikaa na simu mkononi. Nilitaka kwenda kutoa pole. Kwetu na kwao, mtu akifa unajua pa kwenda. Kuna mkeka umetandikwa mahali, kuna watu wamekaa, unaingia, unasema neno, unakaa nao. Lakini mkeka huu ulikuwa umetandikwa ng'ambo. Mjini hapa sikumjua hata jamaa yake mmoja. Nikavaa hata hivyo, nikajifunga leso, nikaenda Mji wa Kale. Sikuwa na mpango. Miguu ndiyo iliyokwenda.

Ngazi zilikuwa zimepakwa rangi na kutiwa taa. Nikapiga hodi. Akafungua mwanamke kijana, amembeba mtoto kiunoni, nyuma yake televisheni ikizungumza. Nilimsalimia, nikamwambia kwamba mwenye nyumba hii wa zamani, Mwalimu Rukiya, amefariki, na kwamba nimekuja.

"Innalillahi," akasema. "Sisi tumepanga tu, hatukumjua. Hapa hapana jamaa zake, mama." Akanitazama nilivyovaa. "Wewe ulikuwa nani wake?"

Nilitafuta neno. Nilipitia yote niliyoyasikia ndani ya chumba kile, na hakuna lililofaa.

"Nilikuwa fundi wake wa kompyuta," nikasema.

Alikuwa karibu kucheka, nikaona, kisha hakucheka. Alimhamisha mtoto upande wa pili, akanipa mkono.

"Basi pole, mama," akasema. "Pole sana."

Nilikuwa nimekuja kuitoa. Nikaipokea, nikakaa kidogo juu ya ngazi, nikalia.